Mpira ulitushinda, samaki sambaza wakatukutanisha

Depo yetu ya mizigo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ina watu 14, na kwa miezi mingi madereva na watu wa stoo walikuwa wakisemezana kwa karatasi tu. Nilipopewa kazi ya kuwapatanisha, nilikimbilia mpira, Jumamosi alasiri. Vijana wakacheza, mama wa stoo wakakaa pembeni na mikoba yao. Waadventista wetu hawakufika kabisa, maana Jumamosi ni Sabato yao. Jumatatu kinyongo kilikuwa kimezidi.

Nikaacha kubuni, nikauliza. Kila mtu peke yake, dakika kumi: siku gani huwezi, kitu gani hutaki, ungemfundisha mwenzako nini? Bia ikafutwa papo hapo. Ijumaa mchana ikafutwa pia, kwa ajili ya swala ya Waislamu. Ikabaki Alhamisi saa sita, ndani ya saa za kazi. Hilo nililipigania kwa mkubwa wetu, kwani mama anayepanda hadi mtaa wa Kadutu kwa watoto wake hawezi kudaiwa jioni yake.

Sasa tunapika: bugali (ugali), sombe (majani ya muhogo), na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Kila jiko dereva mmoja, mtu wa stoo mmoja. Alhamisi ya kwanza dereva wetu mzee alikaanga kimya. Ya tatu, mama mmoja akamwuliza, "Papa, mbona karatasi za mzigo unazileta tunapofunga?" Akamweleza matope ya njiani, na namna anavyosubiri kupakiwa asubuhi. Wakapanga upya saa za kupakia, wao wenyewe, mwiko ukiwa bado mkononi.