Kadi za kabineti za waigizaji na watunisha misuli: anza na karatasi, jina baadaye

Kadi ya picha ya Eugen Sandow, mtunisha misuli wa mwishoni mwa karne ya 19, ikitajwa mnadani, wengi hukimbilia jina na misuli. Jina lile ndilo linalowavutia pia wanaotengeneza nakala, kwa hiyo lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 itangulie mbele ya pochi.

Vipimo kwanza. Kadi ya kabineti ni kadi ngumu ya takriban inchi 4¼ kwa 6½ (milimita 108 kwa 165), yenye picha ya kama inchi 4 kwa 5½ iliyobandikwa juu yake. Chini hubaki ukanda wa jina la studio. Ilitokea Uingereza katika miaka ya 1860, na mwaka 1866 mpiga picha F. R. Window wa London aliipigia debe hadi ikashika. Ukubwa ulifanana kwa sababu albamu za wakati ule zilikuwa na vidirisha vya kipimo hicho. Hapo ndipo hasara nyingi zilipoanzia: kadi ikigoma kuingia, mwenye albamu alichukua mkasi. Pima pande zote nne. Kadi iliyopungua milimita 5 chini, jina la studio likiwa limekatwa nusu, isiuzwe kwa bei ya kadi nzima.

Sasa lenzi. Hadi kufikia miaka ya 1890 picha nyingi zilichapwa kwenye karatasi ya albumini, yaani karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai na kutiwa chumvi za fedha. Ndani ya picha utaona nyuzi za karatasi, mipasuko midogo sana juu ya ute, na umanjano kwenye sehemu zilizopaswa kuwa nyeupe. Karatasi za kolodioni na jelatini zilizochukua nafasi yake kwa kawaida zina tabaka jeupe la barita linaloficha nyuzi. Kadi inayodaiwa kuwa ya 1872 lakini haionyeshi nyuzi hata moja ina maswali ya kujibu. Ukiona vitone vilivyopangwa safu kwa safu, huo ni uchapaji wa kitabu au gazeti. Vitone vya rangi vilivyotawanyika ovyo ni vya printa ya kompyuta.

Kipimo cha pili ni tochi ya urujuanimno ya nanomita 365, kwenye chumba chenye giza. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili zina kemikali za kung'arisha weupe, nazo huwaka rangi ya samawati. Karatasi ya Kiviktoria, yaani ya enzi ya Malkia Victoria, haiwaki hivyo. Mulika picha, kisha mulika kadi yenyewe mbele na nyuma, kwa sababu ujanja wa kawaida ni kubandika picha mpya kwenye kadi kongwe ya mtu asiyejulikana.

Zipo pia nakala za wizi za zama zilezile, na hizi tochi haizigundui. Mwizi aliipiga picha kadi halali, akapata negativu mpya na kuchapa zake. Dalili zake ni vivuli vilivyoziba, nywele zisizo na uzi mmoja mmoja, na mara nyingi ukanda wa chini usio na jina la studio. Biashara ilikuwa na faida ya kutosha kufikishwa mahakamani: Napoleon Sarony wa New York alimpiga picha mwandishi Oscar Wilde mwaka 1882, kampuni ya uchapaji ya Burrow-Giles ikatoa nakala 85,000 bila ruhusa, na mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa Sarony haki. Ndiyo sababu mstari mdogo wa hakimiliki wenye mwaka ni wa kuthaminiwa. Kwenye picha za Sandow zilizopigwa na B. J. Falk, kwa mfano, utakuta 1894.

Anwani nayo husaidia kukisia umri. Sarony alikuwa 680 Broadway kabla ya kuhamia 37 Union Square mwaka 1871. Lakini sahihi yake maarufu iliyochapwa kwenye kadi iliendelea kutumika hata baada ya kifo chake mwaka 1896, hivyo sahihi peke yake haitoshi. Rangi na kingo za kadi ni ushahidi dhaifu zaidi: kadi nyepesi zenye mistari myembamba ni za mwanzo, zile nyeusi, kijani kibichi au damu ya mzee zenye ukingo wa dhahabu zilipendwa miaka ya 1880, na kingo za mawimbi zilifuata. Studio ndogo zilitumia akiba ya kadi miaka mingi, basi usibishane na mtu kwa sababu ya rangi.

Kwa watunisha misuli, tazama marekebisho ya negativu. Sandow alipata jina London mwaka 1889 alipomshinda Sampson katika shindano la nguvu pale ukumbi wa burudani wa Royal Aquarium, na mwaka huohuo Henry van der Weyde akampiga picha kwa pozi za sanamu za kale. Sandow alijipaka unga mweupe ili afanane na marumaru, na warekebishaji wakamalizia kwa penseli juu ya kioo cha negativu. Chini ya lenzi utaona vistari vidogo kwenye kiuno na tumbo, au mandhari iliyofunikwa kwa wino. Hayo yalikuwa mambo ya kawaida ya studio, hayapunguzi uhalali. Msomaji wa leo anayepima mwili wake kwa picha hizo ajue tu kwamba kiuno kile kina mkono wa fundi ndani yake.

Sahihi ya mwigizaji au mtunisha misuli aliye pichani ni hatari nyingine. Sahihi iliyochapwa ina rangi moja bapa. Wino halisi huwa mzito pale kalamu ilipotua au kugeuka.

Utunzaji. Adui mkubwa ni unyevu, na kwa mkusanyaji wa Mombasa, Tanga au Unguja hilo si jambo dogo. Unyevu ukizidi asilimia 65 ukungu huota, na wadudu hufuata gundi ya wanga. Lenga asilimia 30 hadi 50. Sanduku la polipropilini lenye mpira wa kuziba, vipakiti vya jeli ya silika na kipimo kidogo cha unyevu ndani vinatosha kwa kadi mia. Tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi, kwa sababu uso wa jelatini ukipata unyevu hunata kwenye plastiki. Plastiki ya PVC usiiguse kabisa.

Kadi iliyopinda usiinyooshe kwa nguvu: ute umejikaza na kadi ikivunjika picha huvunjika nayo. Usiibandue, usiilowanishe, usiifute kwa raba upande wa picha. Vumbi liondolewe kwa brashi laini sana. Skana kwa rangi, nukta 600 kwa inchi (dpi 600), pande zote mbili, kisha andika maelezo kwenye bahasha kabla ya kuiingiza kadi ndani, maana penseli ikibonyeza bahasha iliyojaa huacha alama usoni mwa picha.