Basi Limefika?

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi zamu ya usiku kuna babu mmoja ambaye halali mpaka aambiwe basi limefika. Siku za mwanzo nilidhani ni usahaulifu wa uzee, kama yule jirani yake anayeuliza kila jioni kama ng'ombe wamekamuliwa. Nikamjibu kwamba limefika, ili apate usingizi. Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyedanganya. "Saa ngapi?" Nikakosa la kusema.

Mwenzangu Mfilipino, aliyenitangulia hapa kwa miaka mingi, ndiye aliyenifungua macho. Basi lenyewe ni la timu ya hoki ya barafuni. Babu na marehemu mkewe walikuwa wakiishi na wachezaji nyumbani kwao, mmoja akiondoka anakuja mwingine. Timu ikicheza ugenini, anataka kujua watoto wamerudi.

Naishi Swift Current, mkoa wa Saskatchewan, Kanada. Mji una watu wasiofika 17,000. Ukiendesha gari dakika tano tu uko kwenye mashamba ya ngano, na barabara kuu ya Trans-Canada inapita pembeni. Timu yetu, Swift Current Broncos, inacheza Western Hockey League, ligi ya vijana wa miaka 16 hadi 20 wanaotafuta njia ya kufika NHL, ligi kubwa ya kulipwa ya hoki. Humo wanapambana na timu za Vancouver, Calgary na Edmonton, na hakuna mji mdogo kuliko wetu katika ligi nzima. Safari zao ni za basi. Kuna timu hadi Portland, Marekani, ng'ambo ya milima, na majira ya baridi huku hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri.

Vijana hawa wanatoka kwao wakiwa bado wadogo, na kila mmoja anapangiwa familia ya kukaa nayo. Mama wa nyumba anampikia, anahakikisha ameamka kwenda shule, anamsubiri usiku. Niliposikia habari hii sikuhitaji maelezo zaidi, maana mimi nilisoma sekondari nikikaa kwa mama mdogo Tanga mjini. Unakula chungu kimoja na watoto wa nyumba, unafagia uwanja pamoja nao, na ukichelewa kurudi kuna mtu amekaa barazani ana haki ya kukuuliza ulikuwa wapi. Miaka thelathini baadaye mama mdogo bado anajua nilipo kila siku ya Mungu. Basi huyu babu ana watoto wa aina hiyo wametapakaa nchi nzima.

Klabu ilianza mwaka 1967. Miongoni mwa waliopita hapa ni Bryan Trottier, kijana wa Val Marie, kijiji kilicho kusini mwa mji huu, ambaye baadaye alitwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, mara sita akiwa mchezaji. Lakini mji mdogo na pesa yake ni ndogo. Mwaka 1974 timu ikahamishiwa Lethbridge, mkoa wa Alberta, na Swift Current ikakaa miaka kumi na miwili bila timu katika ligi hii. Wenyeji wakachangishana, na mwaka 1986 wakainunua na kuirudisha nyumbani. Hadi leo haina tajiri mwenye kuimiliki, ni mali ya mji. Sisi tuliokua tukisikia wazee wakibishana kuhusu Simba na Yanga kama mali ya wanachama tunaijua hali hiyo: mtu anayekata tiketi mlangoni anazungumza kama mwenye nyumba.

Msimu huohuo wa kurudi, alasiri ya tarehe 30 Desemba 1986, basi lilitoka kwenda Regina, mji mkuu wa mkoa, mwendo wa kama kilomita 240. Halikufika mbali. Lilikuwa bado viungani mwa mji lilipoingia kwenye barafu ile ambayo huku wanaiita nyeusi, kwa sababu haionekani, dereva anaona lami tupu. Likatoka barabarani, likaruka, likalala ubavu. Vijana wanne waliokuwa nyuma kabisa wakicheza karata walifariki: Trent Kresse, miaka 20, Scott Kruger, miaka 19, mtoto wa mji huu, Chris Mantyka, miaka 19, na Brent Ruff, miaka 16.

Kumi na sita. Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na minne, na kila nikiandika namba hiyo napumzisha mkono.

Waliosalia wakaamua msimu uendelee, na wakafika hatua ya mtoano. Mmoja wa waliokuwa ndani ya basi lile alikuwa kijana mkimya aitwaye Joe Sakic, ambaye dunia ya hoki ilikuja kumjua vizuri. Leo, ukiingia mjini kutoka Regina, utaona kando ya barabara mnara wenye umbo la jani la klova, mmea mdogo wa malisho, lenye vipande vinne, kimoja kwa kila kijana. Ulisimamishwa mwaka 2016. Na tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima kila mwaka ina jina lao: wale Broncos wanne.

Mei 1989, miaka miwili na nusu tangu ajali, timu ya mji huu ilitwaa Kombe la Memorial, ubingwa wa vijana wa Kanada yote. Kwenye mtoano wa ligi yao walikuwa wameshinda michezo yote kumi na miwili bila kufungwa hata mmoja. Fainali ilichezwa Saskatoon, tena dhidi ya wenyeji, Saskatoon Blades. Ilikwenda muda wa nyongeza, na Tim Tisdale akafunga bao la nne: 4–3. Ndugu wawili wa marehemu Scott Kruger, Darren na Trevor, walikuwemo katika kikosi kile. Babu hunisimulia bao hilo akinyoosha mkono kuonyesha kile kisahani wanachokipiga kwa magongo kilipopita, na mkono wake, ambao asubuhi hauwezi kushika kijiko, kwa dakika ile hautetemeki.

Kuna habari moja ambayo hanisimulii. Niliisoma mwenyewe, na siwezi kuandika historia ya timu hii nikairuka. Kocha wa timu ya 1986 na ya 1989 alikuwa Graham James. Mwaka uleule wa kombe, jarida kubwa la hoki lilimtangaza kuwa mtu wa mwaka. Kumbe kwa miaka alikuwa akiwanajisi baadhi ya vijana aliokabidhiwa. Aliyesimama akasema ni Sheldon Kennedy, mmoja wa manusura wa basi na mmoja wa mabingwa wa 1989. Januari 1997 James alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Mwaka uliofuata, 1998, Kennedy alivuka Kanada kwa viatu vya magurudumu akichangisha pesa na kuzungumzia watoto walionyanyaswa.

Nimeliwaza jambo hili usiku mwingi wa zamu. Mji mzima ulikuwa ukiiogopa barabara. Akina mama walikuwa dirishani wakiangalia theluji, wakiomba tairi zishike, na hatari nyingine ilikuwa imeketi ndani ya basi lilelile, inaheshimiwa, inapewa tuzo. Vijana waliotoka kwenye ajali ile hawakuletewa mshauri wa kuwasikiliza. Waliachwa wayamalize wenyewe kwa wenyewe, chini ya mtu yuleyule. Sisi tunaopeleka watoto kulelewa kwingine, kwa shangazi, kwa shekhe, bweni, akademi ya mpira, tusiishie kuuliza kama wamefika. Tuwaulize wanakaa na nani, na tukae chini tusikilize jibu lote.

Tarehe 6 Aprili 2018 basi la timu nyingine ya vijana ya mkoa huu, Humboldt Broncos, liligongana na lori, wakafa watu kumi na sita. Watu wa hapa wanasema usiku ule simu zililia kama mwaka 1986. Kanada nzima watu waliweka magongo ya hoki nje ya milango yao, taa ya baraza ikiwaka. Manusura kadhaa wa basi la Swift Current, Kennedy akiwemo, walifunga safari kwenda kukaa na wafiwa. Sisi tunajua maana ya kwenda kukaa tu, bila hotuba. Wiki tano baadaye Swift Current ikatwaa ubingwa wa ligi kwa kuifunga timu ya Everett, Marekani, hapahapa nyumbani.

Februari iliyopita timu ilikuwa inarudi kutoka Alberta na dhoruba ya theluji ikaanza. Babu alikaa kitandani amevaa sweta, miguu chini. Sikumwambia alale. Safari hii nilikuwa nimejipanga: mfanyakazi mwenzetu wa jikoni anaishi na mchezaji mmoja, nikamwomba aniandikie kijana akiingia mlangoni. Kati ya kugeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka nilikuwa naangalia simu. Mama yangu naye, kule Korogwe, ambako ilikuwa imeshapambazuka, alikuwa ameniandikia tangu nianze zamu: umefika kazini salama, mwanangu? Nikamjibu nimefika.

Saa nane na dakika kumi usiku ujumbe ukaingia. Nikaenda chumbani kwa babu.

"Limefika," nikamwambia. "Saa nane na dakika kumi. Kijana wa kwa yule dada wa jikoni yuko mezani anakula tambi."

"Wote?"

"Wote."

Akainua miguu mwenyewe, akageukia ukutani.