Nina Simone mbele ya wanajeshi

Jana usiku nimemsikiliza Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, hadi usingizi ukanikimbia. Mwaka 1971, Marekani ikiwa vitani Vietnam, aliwaimbia wanajeshi kwenye kambi ya Fort Dix, New Jersey. Akauchukua "My Sweet Lord" (yaani "Bwana Wangu Mpendwa") wa George Harrison, aliyekuwa wa bendi ya Beatles, wimbo ambao redio zilikuwa zimeupiga kweli kweli, akaurefusha kupita dakika 18: piano, makofi, kwaya ya vijana wa kanisani. Unadhani uko ibadani. Kumbe ndani yake amepachika shairi la David Nelson, na mwishoni yule Bwana aliyekuwa akisifiwa anaambiwa ni muuaji. Mwili ulinisisimka jamani. Nawawaza wale vijana wenye sare wakiyasikia maneno hayo. Nimeurudia mara tatu, machozi yananitoka.