Nilivyotengeneza pichi ya kriketi kwa udongo wa kichuguu hapa Tabora

Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora mjini. Kriketi niliijulia chuo, Dar, nilikuwa mrushaji wa kawaida tu, na nilivyopangiwa kazi huku nikaja na bati moja la kupigia mpira na mipira minne ya ngozi kwenye begi. Watoto waliupenda huu mchezo ndani ya wiki mbili, wavulana kwa wasichana. Kilichotutesa ni ardhi, hasa pichi, yaani ule ukanda mwembamba ambapo mrushaji anaudundisha mpira kumwelekea mpigaji. Naeleza kwa urefu kidogo kwa sababu najua kuna walimu wenzangu huko mikoani wana watoto wenye moyo ila hawana pa kuchezea, na hiki kitu kilinichukua zaidi ya miaka mitatu kukielewa wakati kuna mtu alikuwa anakijua siku zote, anaishi nyuma ya uzio wa shule.

2021 tulianzia pembeni ya kiwanja cha mpira wa miguu. Udongo wetu pale una mchanga mwingi na kokoto ndogondogo, kiangazi juu panakuwa pagumu kama sakafu afu ukikwangua kidogo pamelegea. Mpira ukidundia kwenye kokoto unaruka usoni, ukidundia shubiri moja pembeni unalala kabisa unapita chini ya bati. Sasa mpigaji afanyeje? Anafanya kila kitu nilichomfundisha, mguu mbele, kichwa juu ya mpira, na bado mpira unaangusha vijiti vilivyosimama nyuma yake, naye anatoka. Timu nzima inatoka kwa mikimbio 19, yaani pointi 19. Na mrushaji naye hajifunzi chochote maana hata akirusha ovyo wiketi anapata, yaani anamtoa mpigaji, kwa hiyo anakua akijiona hodari kumbe anayefanya kazi ni kokoto.

Halafu siku moja mvulana wa kidato cha tatu akapigwa juu ya jicho. Ule mpira una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu jamani, sio wa mchezo. Nilimpeleka hospitali kwa bodaboda nimekaa nyuma yake nimemshikilia, damu inatiririka kwenye shati langu, akashonwa nyuzi nne. Siku hiyohiyo nikauweka kabatini mpira wa ngozi, tukarudi kwenye mpira wa tenisi wa kuzungushia tepu. Wala sikuona nimekuwa mwoga, maana hata wakubwa ilishawakuta, Januari 1998 kule Kingston, Jamaica, West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, na Uingereza walikuwa na mechi ya siku tano na ikavunjwa baada ya ova 10 (ova moja ni mipira sita) na mpira mmoja tu kwa sababu pichi ilikuwa hatari kwa wapigaji.

2022 mzazi mmoja mfanyabiashara akatupa mifuko ya simenti, tukamwaga zege. Nilifurahi sana. Mpira unadunda sawasawa, unajua kabisa utakuja kiunoni, na wapigaji wakaanza kupiga mipigo ya kweli. Ila baada ya miezi kama miwili nikaona kitu kinanisumbua roho: hakuna mtoto anayetaka kurusha. Ukiita majina ya warushaji huyu bega linamuuma, yule kaitwa nyumbani. Niliwaelewa, kwa sababu zege halibadiliki, saa mbili asubuhi liko vile na saa kumi jioni liko vilevile, halina unyevu wa kumsaidia anayerusha kwa kasi, halichakai likamsaidia anayezungusha mpira ili ukidunda ukate kona. Mechi ya ova 20 timu inafikisha 180 afu nyingine nayo inazifikia, na kila mrushaji anatoka uwanjani kainamisha kichwa. Desemba ile nikafuatilia kwenye simu Pakistan na Uingereza kule Rawalpindi, Waingereza walipiga mikimbio 506 kwa wiketi 4 siku ya kwanza pekee, na mi nawaza wale warushaji wa Pakistan tu, watu wanaojua kazi yao kabisa, ardhi imewanyima kila kitu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mfyatua tofali, tanuri lake liko nyuma ya shule. Alikuwa anakuja jioni kukaa chini ya mwembe kutuangalia. Siku moja namsalimia, "Shikamoo mzee", akaitikia marahaba afu akaniuliza, "Mwalimu, mbona hawa wanaorusha kila siku wanaondoka wamenuna?" Nikamweleza. Nikamwambia nchi nyingine wanachezea kwenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, una nguvu ila una uhai ndani yake. Akacheka akasema, "Sasa si kichuguu hicho? Mchwa kashaupepeta, wewe unahangaika na simenti."

Na ni kweli kabisa. Mchwa wanapandisha chembe laini kutoka chini, wanazigandisha kwa mate yao, ndo maana tofali za kichuguu hapa Unyamwezini zina jina na sakafu za zamani zilishindiliwa kwa udongo huohuo. Mzee alinifundisha kuupima bila kifaa chochote. Unaloweka kidogo, unafinyanga kidonge ukubwa wa goroli kubwa, unaanika kivulini siku tatu, afu unakikanyaga. Kikisambaratika kuwa unga, mchanga umezidi. Kikigoma kwanza halafu kikapasuka vipande vyenye kona, chukua huo. Tulipima vichuguu vinne, cha tatu ndo kikatupa.

Pichi ni mita 20.12 kwa 3.05, na mi nilitaka kina cha sentimita 10, hesabu ikaja kama mita za ujazo 6 za udongo ulioshindiliwa, kwa hiyo mlegevu unahitaji zaidi. Mkokoteni wa ng'ombe ulipiga tripu siku tatu. Rola tulitengeneza kwa pipa la lita 200, tukapitisha bomba la chuma katikati tukalijaza zege, hilo ni karibu kilo 480, linavutwa na watoto wanane kwa kamba.

Hapo nikafanya kosa. Tulikuwa tunamwaga tabaka, tunalowesha, tunavuta rola, linakauka, tunamwaga tabaka jingine juu. Likaonekana zuri, linang'aa. Tukacheza, mpira unalala tu, unafika kwa mpigaji kama umechoka, haudundi. Sikuelewa. Mzee akaja na fimbo yake akainama akagonga, to, akasogea akagonga tena, to. Akaenda akagonga sakafu ya baraza la darasa ili nisikie tofauti, pale sauti ilikuwa fupi na kavu. "Ndani kuna hewa mwalimu, matabaka hayajashikana." Kumbe kabla ya kumwaga tabaka jipya inabidi ulikwangue la chini kwa reki na kulilowesha ili yaumane, la sivyo yanakaa kama magodoro mawili na nguvu ya mpira inapotelea hapo katikati. Tukabomoa tukarudia yote. Watoto hawakunung'unika hata mmoja, hilo silisahau.

Kiangazi cha 2023 ikawa nzuri mechi mbili za kwanza, ya tatu ikaanza kutoa vumbi. Jua la Septemba hapa unalijua. Juu pakachakaa, nyufa zikafunguka zinaingiza kidole, na sasa mizani ikaangukia upande wa pili, warushaji wa polepole wanaozungusha mpira wakawa hawachezeki, timu zinatoka kwa 34, kwa 41. Wapigaji wangu ambao mwaka uliotangulia walikuwa wafalme wakaanza kukata tamaa. Nikajua tumerudi kwenye kokoto kwa njia nyingine, japo angalau safari hii mrushaji alikuwa anafanya kazi kweli.

Jibu lilikuwa ukoka. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza tukang'oa ukoka pale unapotanda karibu na bomba la maji, tukachomeka vipande kwenye pichi yote, tukaweka miiba pembeni kwa ajili ya mbuzi. Mizizi inafanya kazi mbili. Inaushika udongo usimomonyoke, na inanyonya maji kutoka chini ili pichi ikauke mpaka ndani na sio juu peke yake, na kukauka mpaka ndani ndo kunakoleta ule mdundo wa kweli. Kufikia Mei 2024 tukafyeka chini kabisa, ukabaki ukoka mkavu uliolala na chini yake udongo umeshikwa.

Kutoka hapo kazi ikawa ya maji na rola, na hapa ndo kuna siri yote, niamini. Mechi ikiwa Jumamosi, Jumatatu tunamwagilia mpaka maji yazame. Jumanne hatugusi. Jumatano asubuhi naenda nabonyeza kwa dole gumba: udongo ukinata kwenye ngozi bado, rola itaubandua wote, ukiacha alama safi bila kunata, kama unga wa chapati uliokandwa ukapumzishwa, hapo tunavuta, polepole, kwenda na kurudi, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na Alhamisi vilevile. Ijumaa tunaacha jua. Ukichelewa siku moja pipa linapita juu kama hakuna kitu, ukiwahi siku moja unaharibu wiki nzima.

Matokeo yake ni kwamba Jumamosi moja ina pichi tatu. Saa tatu asubuhi bado kuna unyevu kidogo, anayerusha kwa kasi ule mshono wa mpira ukigonga unashika na kukata kidogo, mpigaji inabidi avumilie. Saa tano hadi saa nane inakuwa nzuri kwa bati, mpira unakuja sawasawa, mwenye mkono anapiga. Baada ya hapo juu panaanza kukwaruzika, hasa pale warushaji wanapokanyagia, na wanaozungusha wanapata chao.

Nina binti mmoja kidato cha pili, mwembamba, ana kifundo cha mkono cha ajabu. Kwenye zege alikuwa anapigwa mpaka analia, na kwenye ile pichi ya vumbi alikuwa anapata wiketi ila hata mwenyewe hajui mpira utaenda wapi. Nilimsimulia habari za Collins Obuya, Mkenya, alivyozungusha mpira Nairobi Februari 2003 akawatoa Wasri Lanka watano kwa mikimbio 24 tu, Kombe la Dunia lile Kenya walifika nusu fainali. Akaniuliza, "Mwalimu, naye alikuwa polepole kama mimi?" Nikamwambia naye hakuwa mtu wa kasi.

Mechi ya Septemba 2024 timu ya kwanza ilipiga 112, ya pili ikafika 90 kwa wiketi 4 na jua limeshainama kwenye miembe. Nikampa yeye mpira. Ova ya kwanza akapigwa mara mbili hadi mpakani, mipigo mizuri kabisa, nikaona mabega yake yanashuka. Kabla ya ova ya pili akatembea mpaka upande wa pili akachuchumaa, akapapasa kwa kidole pale palipokwaruzwa, kama anasoma, akarudi. Mpira wa tatu ukatua hapohapo, ukakata kona, mpigaji kauendea mbele kwa bati lililonyooka, ukapita pembeni ukagonga vijiti. Mpigaji hakulalamika ardhi. Alitikisa kichwa akampa mkono wakati anatoka.

Walishinda wapigaji, wamebakiwa na wiketi moja tu, na mzee alikuwa amesimama chini ya mwembe muda wote hajakaa. Jumatatu yake akanipigia simu asubuhi sana anasema ameona kichuguu kingine njia ya Sikonge, niende na ndoo.