Siku batalioni yangu ilipogeuka meli

Naanza na aibu ili niimalize mapema. Wiki ya kumi na moja ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, mbele ya msimamizi na wenzangu sita, niliwasha projekta nikaonyesha ramani yenye batalioni ya askari wa miguu ikiwa baharini, maili arobaini kutoka ufukweni. Mmoja akauliza kama wamepakiwa kwenye meli. Nikabofya alama yao. Kumbe hawakupakiwa popote. Kwa mujibu wa kompyuta yangu, wao wenyewe ndio meli: wana injini mbili za dizeli, wana nahodha, na wanakwenda maili kumi na nne za baharini kwa saa. Walicheka mpaka mhudumu wa usafi akachungulia mlangoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Nilikuwa Uholanzi nasomea mifumo ya taarifa, na chuo kilikuwa na data za zoezi la kivita la kubuni, nchi mbili zisizokuwepo kwenye ramani yoyote zikigombania ufukwe. (Data halisi za jeshi, nani ampe mtu wa Tanga mwenye viza ya mwanafunzi? Na sikuomba.) Zilikuja mafungu matatu, nchi kavu, majini na angani, kila fungu na lugha yake. Wa nchi kavu wanaandika mahali kwa gridi ya kijeshi ya MGRS, ile ambayo Tanga na Mombasa zote huanza na 37M. Wa majini wanatumia latitudo na longitudo, na meli zao zinajitangaza kwa AIS, mtambo wa redio unaotaja meli ni ipi na iko wapi. Wa angani wanaitambua kila ndege kwa msimbo wa biti 24, na kimo chao ni futi wakati vilima vya wenzao wa chini vimepimwa kwa mita. Mimi nitengeneze ontolojia ili swali likiulizwa mara moja, mafungu yote matatu yajibu.

Kwa asiyeijua ontolojia: unaiambia kompyuta ni vitu vya aina gani vipo, vinahusianaje, na masharti yake, kisha inaweza kufikia hitimisho yenyewe kutokana na data unazoilisha. Lugha ya kuandikia inaitwa OWL, ipo rasmi tangu 2004. Programu ya kuitengenezea, Protégé ya Chuo Kikuu cha Stanford, ni ya bure. Kilichonigharimu ni kumbukumbu ya kompyuta mpakato, euro themanini au tisini hivi, na kahawa ambayo sitaki kuipigia hesabu.

Shida ya majeshi kutoelewana wao wenyewe wanaijua na wanaitania. Wamarekani wana utani wa zamani: toa amri moja tu, "Lishikeni jengo lile." Jeshi la majini litazima taa na kufunga milango. La nchi kavu litaweka walinzi getini. Wanamaji wa mashambulizi watalivamia kwa mabomu. Jeshi la anga litasaini mkataba wa kulipanga miaka mitatu. Na kila mmoja ametii amri.

Sasa ushauri niliopewa. Kaka mmoja wa shahada ya uzamivu, mtu mwema kabisa lakini ameniponza, aliniambia: "Chukua modeli iliyopo, igeuze yote iwe ontolojia moja kubwa, halafu kila kinachofanana kiunganishe." Modeli ipo kweli. Inaitwa JC3IEDM, ni modeli ya data ya majeshi kubadilishana taarifa, imetoka kwenye mpango wa nchi nyingi uitwao MIP ulioanza 1998, na imejaa kila kitu, kuanzia madaraja hadi hali ya hewa. Wiki tisa nimekaa nikiigeuza. Nikafika aina elfu moja na kitu, nikajiona profesa. Nilikuwa nazo aina za boya ambazo zoezi zima halikuwa na boya hata moja.

Kisha nikaanza kuunganisha vinavyofanana, na hapo ndipo batalioni ilipoingia majini. Naomba nieleze taratibu kwa sababu sijaona mtu akiieleza vizuri.

Niliweka masharti mawili ambayo mtu yeyote angeyaona ya busara: kikosi kina kamanda mmoja tu, na kamanda anaongoza kikosi kimoja tu. Faili la nchi kavu likasema kamanda wa batalioni ni kanali fulani. Faili la majini likasema, askari wakiwa safarini kwenda kutua, batalioni hiyohiyo iko chini ya nahodha wa meli iliyowabeba. Makamanda wawili. Mimi nikategemea kompyuta ipige kelele, iseme bwana hapa pana kosa.

Haikupiga kelele. OWL haidhani kwamba majina mawili ni watu wawili. Ukiiambia kamanda ni mmoja na ukaipa majina mawili, inajibu kwa utulivu wote: basi huyo ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Kanali akawa nahodha. Haya, nahodha anaongoza meli. Na kamanda anaongoza kikosi kimoja tu, nilisema mwenyewe. Kwa hiyo batalioni na meli ni kitu kimoja. Hatua mbili tu, kila moja ni halali kimantiki, na watu mia saba wamekuwa chuma kinachoelea. Kwa kuwa sikuwa nimeandika popote kwamba kundi la watu na chombo cha majini haviwezi kuwa kitu kimoja (nani anaandika jambo kama hilo?), kompyuta haikuona mgongano wowote.

Basi iandike. Andika hata yale ambayo mtoto wa chekechea anajua. Mtu si meli, meli si mahali, mahali si saa.

Wiki iliyofuata sikugusa kazi. Jumapili nikampigia Mama huko Tanga, akaniuliza nafanya nini hasa huko. Nikamwambia nahesabu vifaru. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, na hao vifaru kwenye baridi hiyo wanakula nini?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Sisi tunalo neno moja la mnyama na la mashine ya vita, na hatuchanganyikiwi, kwa sababu kifaru amefika ni wa mbugani na kifaru kimefika kina mzinga. Ndege huyu anataga, ndege hii inatua. Aina ya kitu imeandikwa kwenye kitenzi, kwenye kivumishi, kila mahali, hata jina likigongana. Mimi nilikuwa nimehangaika na majina miezi miwili wakati kazi yote ilikuwa kwenye ngeli. Mama hakukosea pia: mimi ndiye niliyesema "nahesabu vifaru" bila upatanisho wowote wa kumsaidia.

Nikafuta ile ontolojia kubwa. Yote. Nikaanza na BFO, ontolojia ndogo ya juu iliyotoka kwa mwanafalsafa Barry Smith na wenzake, ambayo tangu 2021 ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 21838-2. Haina kifaru wala meli ndani yake. Ina mambo machache sana, na kubwa kuliko yote ni kutenganisha vinavyodumu na vinavyotukia: batalioni inadumu, shambulio linatukia. Yule kaka aliita hiyo falsafa ya kupotezea muda. Mwanzoni mwa 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani na idara za ujasusi za huko zikaichukua iwe msingi wao, pamoja na dadake inayoitwa Common Core Ontologies. Nilimtumia habari hiyo. Hajajibu mpaka leo.

Chini ya hiyo nilifanya mambo mawili tu yenye maana. La kwanza, ukamanda nikaufanya kitu chenyewe, dhima anayoibeba mtu kwa muda, ina saa ya kuanza na saa ya kwisha. Kanali akabaki kanali, nahodha akabaki nahodha, wakapokezana. La pili, taarifa nikaitenga na kitu kinachotajwa. Doa kwenye rada si meli, ni mtu au mtambo fulani kusema kwamba kuna meli. Madoa mawili yanaweza kuwa meli moja, doa moja linaweza kuwa kundi la ndege wa kuruka, wale wa kutaga. Ukiziingiza taarifa moja kwa moja kama vitu, umekwisha.

Msimamizi aliniuliza kama haya si mambo ya kwenye karatasi tu. Nikamtajia tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraki. Ndege mbili za F-15 za Marekani ziliangusha helikopta mbili za Black Hawk za Marekani hiyohiyo, watu 26 wakafa. Helikopta zilikuwa za jeshi la nchi kavu, ndege za jeshi la anga. Ratiba waliyobeba marubani wa F-15 haikuwa na helikopta zile. Helikopta nazo zilikuwa zikitoa msimbo wa utambulisho wa nje ya eneo lile. Juu yao kulikuwa na ndege ya rada iliyokuwa imewasiliana na helikopta hizo asubuhi ileile. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha taarifa. Simaanishi ontolojia ingewaokoa, nisije nikaonekana mchuuzi wa dawa za kienyeji. Msimamizi hakurudia swali.

Jambo ninalojivunia kweli halina falsafa yoyote. Rejista ya bandari ilichapwa kwa mikono na imejaa makosa, na majina ya meli hayaaminiki. Namba ya AIS nayo hubadilika meli ikibadili bendera, maana tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi, 634 Kenya, 674 au 677 Tanzania. Namba ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, hubaki na meli maisha yake yote, na tarakimu yake ya saba ni mlinzi. Chukua 9074729. Zidisha sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2, ujumlishe: 63, 0, 35, 16, 21 na 4 ni 139. Inaishia na 9, na tarakimu ya mwisho ni 9. Haikamati kila kosa, lakini mistari mitano ya programu ilinionyesha karibu makosa yote ya rejista kabla hayajaingia kwenye ontolojia. Ukaguzi wa namna hii, na ule wa "kila meli lazima iwe na namba", ufanye kwa SHACL, lugha ya kukagulia data, usiiombe OWL. OWL ikikosa namba inasema huenda ipo mahali fulani.

Na saa. Jeshi huandika saa na herufi ya ukanda wake, Z ni ya Greenwich, C ni yetu ya Afrika Mashariki. Hizo nilizigeuza bila jasho. Nilichosahau ni kwamba kurasa kumi na saba za data zilizokuja kama picha tu, si maandishi, nilizinakili kwanza kwenye daftari, kwa mkono, kwa Kiswahili. Penye 09:00 nikaandika saa 3 asubuhi, kama binadamu. Wiki baadaye nikachapa 03:00. Mashambulizi kumi na saba yalitokea wakati askari wanaoshambulia bado wamelala.

Siku ya kutetea tasnifu mtahini mmoja alikuwa ofisa mstaafu. Aliacha slaidi zangu zote, akasema: siku ya tatu ya zoezi, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kikosi gani kiko ndani ya maili ishirini kutoka ufukweni, na nimpigie nani simu? Nikaandika swali palepale, mikono inatetemeka. Sekunde nne. Batalioni, ndani ya meli, chini ya nahodha, hadi saa 12:40, kisha kanali.

Akalisoma jibu, akaniangalia. "Dakika thelathini kabla ya kutua ndiyo wanabadilishana kamanda? Nani alipanga zoezi hili?"

Nikamwambia hilo halikuwa kwenye tasnifu yangu.