Mashine ya Ofisini Niliyoigeuza ya Gemu

Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa pili wa usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, na nilikuwa na shilingi laki tisa. Nyingine nilizibana kwenye boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, nyingine nilizipata kwa kumchorea ramani fundi mmoja wa Mbezi, nyumba za vyumba vitatu na sebule, nikikesha na laptopu ya kuazima. Nilitaka kompyuta yangu mwenyewe. Baba nilimwambia wazi kwenye simu kwamba ni ya kuchorea na ya kuchezea gemu, yote mawili. Akauliza kama ada imelipwa. Nikasema imelipwa. "Basi angalia usiibiwe huko," akaniambia, na maongezi yakaishia hapo.

Gemu lenyewe lilikuwa Cities: Skylines. Unapewa ardhi tupu, unachora barabara, unapitisha mabomba, unatenga makazi huku na viwanda kule, halafu watu wanahamia na mji unaanza kukuumbua. Darasani tulifundishwa kwamba makutano yaliyopangwa vibaya yanaweza kuukaba mtaa mzima. Mle ndani niliyaona kwa macho: malori yamejipanga kuanzia eneo la viwanda mpaka makaburini, gari la zimamoto limenasa katikati. Nikabomoa, nikajenga upya, nikaelewa. Lakini ile laptopu ilikuwa na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na haikuwa na kadi ya grafiksi ya maana, ile inayochora picha za gemu kwenye kioo. Mji ukifika watu elfu chache tu, kila kitu kinaganda.

Kwa laki tisa, laptopu ya gemu ya kweli ilikuwa nje ya uwezo wangu. Zilizokuwepo kwa bei hiyo ni zile zenye taa nyekundu kwenye kibodi na maandishi makali mgongoni, ndani zimewekwa GeForce 940MX, kadi ambayo hata ikiwa mpya ilikuwa dhaifu. Kaka mmoja wa mwaka wa mwisho pale jirani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa akirekebisha kompyuta za wanafunzi, ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Makampuni ya Ulaya yakibadilisha kompyuta za ofisi, zile za zamani huuzwa kwa mafungu na nyingi hufika kwetu. Ndani yake kuna prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nzima kabisa ambayo maisha yake yote imefungua barua pepe na Excel tu. Unachukua boksi hilo, unaongeza kadi.

Ila si boksi lolote. Alinitajia Dell OptiPlex 9020 yenye prosesa ya i5-4590, tena ile ndefu ya kusimama, kwa sababu ile nyembamba inayolazwa haipokei kadi ya kimo cha kawaida. Pawa saplai yake ni ya wati 290 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo kadi iwe inayotosheka na umeme wa kwenye sloti, pale inapochomekwa, ambao mwisho wake ni wati 75. GTX 1050 Ti, iliyotoka mwaka 2016, inakula wati 75 hizohizo. Hesabu hiyo ilinifurahisha kama mchoro unaokubali vipimo. RAM akasema niweke vijiti viwili vya GB 4, si kimoja cha GB 8, ili prosesa ivisome kwa pamoja. Mwisho akanipa flashi yenye programu mbili za kupimia.

Nilikwenda Kariakoo na mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa ametoka kumaliza kidato cha sita. Boksi tulilipata mapema kwa laki tatu na thelathini, monita ya mtumba ya inchi 22 kwa laki moja na ishirini. Tatizo lilikuwa kadi.

Duka la kwanza muuzaji alikuwa mchangamfu, na maneno yote alimwelekezea mdogo wangu. "Braza, hii inapiga GTA bila kukwama." Pesa ziko kwenye pochi yangu, maswali nauliza mimi, majibu anapewa yeye. Mdogo wangu akamwambia, "Kaka, muulize dada, mimi nimesindikiza tu." Kadi ilikuwa ndani ya pakiti nzuri, bei laki mbili na nusu. Nikaigeuza kutazama matundu ya nyuma. Kulikuwa na HDMI, DVI, na tundu la bluu la VGA, lile la monita za zamani.

Hapo moyo ulinipiga paa. Chipu ya 1050 Ti haitoi VGA kabisa. Muuzaji akaichomeka kwenye mashine yake, akafungua Windows, akanionyesha: "Si unaona dada, imeandikwa GTX 1050 Ti." Kweli iliandikwa. Nikamwomba nichomeke flashi. Kwenye GPU-Z, mojawapo ya zile programu mbili, ambayo tangu mwishoni mwa 2018 huzitambua kadi za namna hii, jina lilitanguliwa na neno FAKE kwenye mabano. Ndani ilikuwa chipu ya karibu miaka kumi nyuma, iliyoandikwa upya ili ijitangaze kwa jina lisilo lake. Kama muuzaji mwenyewe alijua au naye aliuziwa hivyohivyo, siwezi kusema. Uso wake ulionyesha mshtuko. Tukashukuru, tukatoka.

Kadi halisi tuliipata kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha ghorofani, amezungukwa na mabodi na nyaya. Tukamwamkia, tukamweleza. Alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa na tundu la pini sita la umeme, akaiweka pembeni mwenyewe: "Hiyo kwa Dell yako haitawaka, mwanangu." Ya pili haikuwa nalo. Akafungua boksi langu, akapuliza vumbi, akaipachika, na akatuacha tuendeshe Heaven, ile programu ya pili, yenye visiwa vinavyoelea na sanamu ya joka, muda wote tuliotaka. Feni ilivuma kwa utulivu, joto likatulia kwenye nyuzi 70 hivi, na lile joka likazunguka bila kukatakata. Mdogo wangu alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo. Nililipa laki mbili na themanini, nikaongeza SSD, diski ya kuhifadhia, ya GB 120, kibodi na kipanya, na nauli ya bajaji ikabaki.

Mashine ile ilinifikisha mwisho wa shahada. Picha za miradi yangu, ambazo awali niliziacha zikichakatwa usiku kucha kwenye laptopu, zilitoka kabla chai haijapoa. Mji wangu ukakua mpaka nikaujengea reli. Na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaanza kubisha hodi wakitaka niwasindikize Kariakoo. Binti mmoja kati yao, siku tuliyokwenda naye, hakuningojea nitoe flashi. Aliichukua kadi, akaigeuza, akaona tundu la bluu, akamrudishia muuzaji na kuuliza kama anayo nyingine.