Brekipointi zinazosimama mahali pamoja, Kisumu na Nakuru

Sisi wa Kisumu tunaandika programu ya mizani ya samaki. Wenzetu wa Nakuru wanautumia msimbo huohuo kwenye mizani ya maziwa. Bodi ni STM32F103, debaga (programu ya kuchunguza msimbo unapoendeshwa) ni GDB, na brekipointi ni alama inayoiambia isimamishe programu mahali fulani. Hitilafu ikionekana Nakuru, anayeifuatilia Kisumu lazima asimame kwenye mstari uleule, la sivyo mtazungumza kwenye simu mpaka jioni bila kuelewana. Lakini waliobobea wanahitaji pia kushuka hadi anwani moja ya kumbukumbu, na hilo sikutaka kuwanyima.

Kanuni niliyoiweka ni moja: hakuna anayebadilisha maana ya `break`, amri ya kuweka brekipointi. Anayetaka tabia nyingine atumie amri nyingine, ili tofauti isomeke kwenye amri yenyewe badala ya kujificha kwenye mpangilio wa kompyuta yake. Kwa hiyo sote tunaanza hivi:

`gdb-multiarch -nh -x pamoja.gdb mizani.elf`

`-nh` inazuia `.gdbinit` ya nyumbani, yaani faili ya mipangilio binafsi ya GDB, isisomwe. `pamoja.gdb` inakaa pamoja na msimbo, na mabadiliko yake yanapitiwa kama ya msimbo wowote. Tunakompaili kwa `-Og -g3` (uboreshaji mdogo, taarifa kamili za debaga) na toleo moja la kompaila pande zote mbili, maana kwa `-O2`, yenye uboreshaji mkubwa, mistari huhamahama.

Ndani ya faili, mstari wa kwanza ni `set breakpoint pending off`. Ukiweka `on`, jina la fanksheni lililokosewa herufi moja hupokelewa bila GDB kukuuliza, likisubiri maktaba itakayopakiwa baadaye, kisha programu haisimami kamwe. Bodi yetu haina maktaba za kupakiwa baadaye, kwa hiyo ni afadhali kosa lijulikane papo hapo.

Sasa tofauti inayowakanganya wengi. `break rekodi_uzito` husimama baada ya utangulizi wa fanksheni (maagizo yanayoandaa fremu, yaani nafasi yake kwenye stako, kumbukumbu ya miito ya fanksheni), pale hoja zinaposomeka sawasawa. `break *rekodi_uzito` husimama kwenye maagizo ya kwanza kabisa, na hapo thamani ya hoja `gramu` inaweza kuonyesha takataka kwa sababu fremu haijajengwa. Ile ya kwanza ndiyo ya wote. Ya pili ni ya anayechunguza stako, na ile nyota inamwambia kila msomaji kwamba hiyo ni kazi nyingine.

Shida kubwa iko kwenye maunzi. Msimbo uko kwenye flashi, kumbukumbu ambayo GDB haiandikii brekipointi kirahisi kama RAM, na Cortex-M3, prosesa ya bodi hii, ina vilinganishi sita tu vya brekipointi, yaani saketi zinazolinganisha anwani. Ukiweka ya saba GDB inaipokea. Inalalamika unapoandika `continue`, kwa kuwa ndipo inapoziingiza. `finish`, inayoendesha hadi fanksheni irudi, nayo huhitaji brekipointi ya muda, na `next`, inayosogea mstari mmoja, vilevile inaporuka mwito wa fanksheni. Ndiyo maana `pamoja.gdb` hairuhusiwi kuwa na zaidi ya nne: mbili zinabaki kwa anayefanya kazi.

Fanksheni zinazonakiliwa kwenye RAM wakati wa kuwaka zina mtego wake. Brekipointi ya programu (agizo linaloandikwa juu ya msimbo wenyewe) ikiandikwa huko mapema, ule unakili unaifuta. `hbreak`, amri ya brekipointi ya maunzi, haisaidii, kwani vile vilinganishi sita havifiki anwani 0x20000000 kwenda juu, iliko RAM. Andika `tbreak main` (brekipointi ya mara moja), kisha `continue`, halafu ndipo uweke `break` yako.

Sharti kama `break rekodi_uzito if gramu < 0` ni zuri mahali panapopitwa mara chache. Kwenye kitanzi cha sensa, prosesa husimamishwa kila mzunguko ili GDB ipime sharti, na usomaji wa uzito unachelewa kiasi cha kuficha hitilafu unayoitafuta. Hapo ninaruhusu sharti liandikwe ndani ya msimbo, likifuatwa na `bkpt`, agizo linaloisimamisha prosesa. Lakini `bkpt` bila debaga kuunganishwa huiangusha bodi kwenye HardFault, hali ya kosa kubwa la prosesa, kwa hiyo lazima kwanza ipimwe biti 0 ya DHCSR, rejista ya udhibiti wa debaga, anwani 0xE000EDF0. Ikiwa ni 1, debaga ipo. Bila kipimo hicho siidhinishi mabadiliko, hata yakiwa ya majaribio ya jioni moja.

Kutuma kazi Nakuru, `save breakpoints hitilafu.gdb` inatosha, upande wa pili waisome kwa `source`. Kabla ya kuhifadhi, badilisha zilizowekwa kwa namba za mistari ziwe majina ya fanksheni. Na ukiandika hati yako ya amri za GDB, tumia `$bpnum` (namba ya brekipointi iliyowekwa mwisho) badala ya namba, kwa sababu namba 3 yako huenda ikawa namba 7 kwao.